Dhana potofu kuhusu prompti za kusomea na kufundishia

Katika kila semina ninayoendesha kuhusu prompti, yaani maagizo tunayoiandikia ChatGPT au mashine nyingine ya akili bandia, nasikia maneno yaleyale, kwa wanafunzi na hata kwa walimu wao: "Niliiambia ChatGPT inifafanulie mada, nikasoma yote, nikaelewa." Mtihani ukifika, hakuna kinachotoka kichwani. Nimechoka kuyasikia, kwa hiyo naanza nayo.

Dhana: Nikisoma ufafanuzi nikauelewa, nimeshajifunza.

Hapana! Kuelewa maelezo yaliyo mbele ya macho yako ni jambo moja. Kuyatoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni jingine, na mtihani unapima hilo la pili. Nchini Uturuki watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 katika hisabati. Waliopewa GPT-4 (mashine iliyokuwa ndani ya ChatGPT) ya kawaida wakati wa mazoezi waliwapita wenzao kwa asilimia 48. Ilipoondolewa, kwenye mtihani, alama zao zikawa chini kwa asilimia 17 kuliko za wale ambao hawakuigusa kabisa. Kundi jingine lilitumia GPT-4 hiyohiyo, ila prompti yake iliikataza kutoa jibu, itoe vidokezo tu, na walimu walishaiwekea majibu sahihi pamoja na makosa ambayo wanafunzi huyafanya. Kwa kundi hilo, hasara ile karibu yote ilitoweka.

Basi acheni "nifafanulie" na "nifupishie". Andika hivi:

"Nina mtihani wa Historia, kidato cha tatu, kuhusu Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Niulize swali moja, usubiri nijibu. Nikikosea usinipe jibu. Nipe kidokezo kimoja, kisha uniulize tena."

Na kabla hujashika simu, chukua karatasi uandike yote unayoyakumbuka. Hapo silegezi kamba kwa mtu yeyote.

Mwalimu, nawe ukiandika "nitungie maswali kumi ya sehemu" utaletewa maswali ya darasa lolote duniani. Bandika ukurasa wa kitabu unachofundishia, halafu taja kosa uliloliona ukisahihisha, kwa mfano mtoto anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Omba maswali yatakayolifichua kosa hilo. Madaftari ya darasa lako umeyasoma wewe, mashine haijayaona.

Dhana: Kuna prompti za siri. Hakuna. Msitoe hela kununua PDF za "prompti 500 za mwalimu". Sema unafundisha nani, nini, na wanakwama wapi.

Dhana: Ikitaja kitabu na ukurasa, ni kweli. Inaweza kuvibuni vyote viwili kwa lugha safi kabisa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Ipe matini yako, iambie ijibu kutoka humo tu, kisha uhakiki mwenyewe.

Dhana: Kuna programu ya kumnasa aliyeandikiwa insha na mashine. OpenAI wenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu ilikosea mno. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima programu za namna hiyo. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilidaiwa kuwa za mashine. Hao ni wanafunzi wetu! Usimwadhibu mtoto kwa ushahidi huo. Mwite, aeleze hoja zake kwa mdomo. Dakika tano zinatosha kujua kama insha ni yake.