Rangi za vikonyo vya spinachi ya Uswisi ni za asili

Imani iliyodumu miaka mingi inasema spinachi ya Uswisi yenye vikonyo vyekundu, vya njano au vya waridi imetiwa rangi au imebadilishwa vinasaba. Si kweli. Rangi hizo ni betalaini, kundi lilelile la rangi za asili za mimea linaloipa bitiruti wekundu wake; mimea hii miwili ni spishi moja, Beta vulgaris. Aina za vikonyo vyeupe, kama Fordhook Giant, zina betalaini kidogo mno.

Pakiti ya mbegu za Bright Lights, spinachi ya Uswisi ya rangi nyingi iliyopata tuzo ya All-America Selections (shirika la Marekani linalojaribu aina mpya za mimea ya bustani) mwaka 1998, ni mchanganyiko: kila mche una rangi yake moja. Panda kina cha sentimita 1 hadi 2. Unachokiona kama mbegu moja kwa kawaida ni kifundo chenye mbegu kadhaa, kwa hiyo miche 2 au 3 huchipua pamoja. Subiri rangi za vishina zionekane, kisha kata kwa mkasi miche ya ziada, maana kung'oa hutikisa mizizi ya unaoubakiza. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche.

Tofauti inayostahili kuangaliwa ni nyingine kabisa: aina nyekundu huwahi kutoa maua zikipigwa na baridi zingali changa, kwa hiyo zipande baridi kali ikishapita. Vuna majani ya nje, ukiacha 4 au 5 ya katikati. Ukitaka mbegu zako mwenyewe, usiache bitiruti ichanue karibu. Chavua husafiri kwa upepo na kuzichanganya.