Maziwa ya mgando, michembe na bakteria rafiki wa tumbo

Mama mmoja wa Isevya alikuja kliniki yetu ya lishe hapa Tabora mjini akiwa na kopo la vidonge kwenye mkoba. Aliuziwa kwa bei ambayo ingemnunulia maziwa ya mwezi mzima, akaambiwa ni "bakteria wa kutengeneza tumbo". Mwanawe wa miaka minne alikuwa amemaliza dozi ya antibiotiki, tumbo linamsokota na choo ni majimaji. Nikamuuliza mtoto anakula nini. Asubuhi chai na andazi, mchana na jioni ugali wa sembe na mchuzi. Na maziwa? Anagandisha kila siku, yanatoka Nzega, ila hayo ni ya baba yake.

Mtoto anayeharisha, cha kwanza ni ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, pamoja na zinki. Hilo tulilimaliza kabla ya maongezi mengine. Tulipolisoma kopo pamoja, tukakuta limeandikwa likae kwenye friji. Yeye hana friji, na kopo lilikuwa na wiki tatu kabatini, kwenye joto letu la Oktoba.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikubaliana kuwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiwango cha kutosha humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Lazima viwe hai. Vikishakufa kwa joto la kabati au la jiko, umebaki na kopo tu.

Maziwa ya mgando yana bakteria hai kwa mamilioni. Ndio wanaokula sukari ya maziwa, yaani laktosi, na kuifanya asidi inayoyagandisha na kuyapa uchachu. Kwa sababu hiyo wako watu ambao maziwa freshi huwajaza gesi na kuwaendesha, lakini mtindi hauwasumbui: sehemu ya laktosi imeshaliwa, na bakteria huendelea kusaidia kuisaga mle tumboni. Hata hivyo, si kila mtindi unastahili jina la probiotiki. Jina hilo hutolewa kwa aina maalumu ya bakteria iliyopimwa na kuonekana inafanya kazi fulani. Mfano wa karibu ni Mwanza, ambako mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada. Mtindi wako wa nyumbani haujapimwa hivyo, lakini ni chakula bora, na mtoto wa miaka minne ana haki nao kama baba yake.

Naomba tuelewane vizuri kwenye utengenezaji, maana hapa naona makosa yaleyale kila wiki. Wengi huacha maziwa mabichi yagande yenyewe, kisha wakiogopa magonjwa huuchemsha mtindi. Wamekosa mara mbili. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hautoshi kukuhakikishia usalama; ukiuchemsha mtindi, unawaua bakteria rafiki uliokuwa unawatafuta. Chemsha kwanza, gandisha baadaye. Yakishachemka, yaache yapoe hadi kidole kilichooshwa kikae ndani bila kuungua. Tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana kwa kila lita, koroga, funika, weka mahali penye uvuguvugu mpaka kesho. Tumia chombo kinachosuguka hadi ndani. Kibuyu kina ladha yake, najua, lakini shingo yake ni nyembamba na mkono haufiki chini.

Sasa bakteria wenyewe wanakula nini? Ndani ya utumbo mpana wako mna bakteria kwa matrilioni, na wengi wao wanategemea kile ambacho tumbo lako limeshindwa kusaga: makapi mlo, yaani nyuzinyuzi za vyakula vya mimea, na aina fulani za wanga. Chakula hicho ndicho kinaitwa pribiotiki, jina lililotolewa mwaka 1995 na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Bakteria wakikichachua hutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Yule mtoto wa Isevya, kwa sembe na andazi, bakteria wake walikuwa wanalala njaa.

Na Unyamwezi hatuna sababu ya kuwalaza njaa. Dona ina makapi ambayo mashine ya kukoboa huyapeleka kwa kuku. Kunde, maharage, njugu mawe, vitunguu, mlenda na matembele vyote vimo sokoni. Mimi napenda kuwakumbusha watu michembe na matobolwa, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Viazi vitamu vikichemshwa kisha vikapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kusagwa, ukafika kwa bakteria ukiwa mzima. Na matobolwa huchemshwa, hukatwa, ndipo yakaanikwa. Bakuli la matobolwa na maziwa ya mgando, kama walivyokula bibi zetu, limebeba bakteria na chakula chao kwa pamoja. Anza na kidogo na unywe maji, kwa sababu tumbo lililozoea sembe litajaa gesi siku za mwanzo. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage yale maji.

Kwa kichanga mambo ni tofauti. Maziwa ya mama yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinawalisha bakteria wake. Miezi sita ya kwanza hahitaji kingine. Na asali yetu, pamoja na sifa zake zote, asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja: inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambao utumbo wake mchanga hauwawezi.

Mwenye kinga iliyoshuka sana, au aliyelazwa akiwa mahututi, asianze vidonge vya probiotiki bila daktari. Choo chenye damu, homa kali, au mtoto aliyelegea na macho kudidimia, usisubiri mtindi ugande. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ORS umnyweshe mkiwa njiani.