Viungo vikitulia, tuangalie moyo na figo

Bukavu ni mji wa milima. Anayepanda kwa miguu kutoka Nyawera hadi Kadutu lazima aheme, na hapo ndipo mgonjwa wa baridi yabisi anapojidanganya. Nasema baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kushambulia maungio yake. Mama akiniambia, "Daktari, siku hizi mlima unanishinda, ni uzee tu," simwachii aende kabla sijampima tansio na kusikiliza moyo na mapafu yake.

Uvimbe unaokaza vidole asubuhi haukai vidoleni. Unaingia hata kwenye mishipa ya damu na kuiharibu polepole, mpaka hatari ya ugonjwa wa moyo inazidi ya mwenzake wa umri huo huo kwa karibu nusu. Mapafu nayo yanaweza kuota makovu, na sigara inaongeza balaa pande zote mbili. Wagonjwa wetu wanaogopa kulemaa mikono, lakini ugonjwa wa moyo ndio unaowaua wengi zaidi.

Kwa lupusi, ugonjwa mwingine ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, na ambao kati ya wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake, tena wengi vijana, hofu yangu ni figo. Figo zinaharibika bila kuuma. Zinaanza kuvuja protini, mkojo unatoa povu, miguu inavimba, na nyumbani watu wanasema ni uchovu, au wanaanza kumtafuta aliyeroga. Kipimo cha mkojo cha kijiti ni rahisi. Kiombeni kila mnapokuja, hata siku mnayojisikia wazima. Figo zikigunduliwa mapema zina dawa; zikishakufa inabaki dialisi, yaani mashine ya kusafisha damu, na hakuna familia hapa isiyojua uzito wa gharama yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kortizoni ilipewa mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na mwaka 1950 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Nobel. Ni dawa inayookoa watu, nami naiandika. Lakini deksametazoni, ndugu yake kortizoni, inauzwa kwa kuhesabiwa vidonge, bila karatasi ya daktari, na wapo wanaoimeza ili mashavu yajae. Mwenye maumivu ya viungo akiionja anapata nafuu upesi, basi anaendelea nayo miezi na miezi. Majirani wanamsifu kwamba amenenepa, kumbe mifupa inaliwa ndani kwa ndani, mpaka siku moja anainua ndoo ya maji na pingili ya mgongo inavunjika. Sukari inapanda, mtoto wa jicho anaingia, kifua kikuu kilicholala kinaamka. Kuna pia mnyoo wa udongoni, strongiloidi, unaopenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Ukikuta kinga imedhoofishwa na kortizoni, unazaana ovyo na unaweza kuua. Kwa hiyo unayelima miguu wazi, utuambie kabla hatujakuanzishia, tukutibu mnyoo kwanza.

Hata hivyo, nawaomba sana, msitupe vidonge leo kwa sababu ya maneno haya. Aliyekunywa kortizoni zaidi ya wiki 3, mwili wake huenda umeacha kutengeneza ya kwake. Akikata ghafla, tansio inaweza kushuka hadi azimie, hata afe. Leteni pakiti, tutapunguza pamoja, kidogo kidogo. Wakati huo mifupa ilisheni: sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, wanaoliwa na miiba yao, wana kalisi nyingi.

Metotreksati, dawa ya baridi yabisi inayotuliza kinga, inamezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile. Anayeimeza kila siku kwa kukosea mwili wake unaweza kuacha kutengeneza damu, akapoteza uhai wake, kwa hiyo andikeni jina la siku kwenye pakiti. Na kabla ya chanjo ya homa ya manjano, ulizeni kwanza, maana ni chanjo ya virusi hai, na dawa hizi zinadhoofisha kinga.

Binti anayetaka mtoto aje kabla ya mimba. Metotreksati inadhuru mtoto tumboni na lazima iachwe miezi kadhaa kabla. Haidroksiklorokwini, dawa ya lupusi, kinyume chake inaendelea mimba yote, kwa sababu lupusi ikiachwa bila dawa ndiyo inayomhatarisha mama na mtoto.