Onyo la virusi kwenye kivinjari si matokeo ya uchunguzi
Wengi huamini kwamba kioo kikijaa maandishi mekundu na king'ora kikalia, kompyuta imekwisha kuambukizwa virusi. Sivyo. Ukurasa wa wavuti hauwezi kukagua mafaili yaliyomo kwenye diski yako, hivyo ile orodha ya virusi ni picha tu iliyotayarishwa kabla hujafika, na kompyuta huonekana imeganda kwa sababu ukurasa umetanuliwa ukafunika kioo kizima. Shikilia kitufe cha Esc, kisha ufunge ukurasa. Ukurasa ukigoma kufungika, katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager (dirisha linaloorodhesha programu zinazoendeshwa), na humo uzime kivinjari chenyewe, na ukikifungua tena usikubali kirejeshe kurasa za awali. Namba ya simu inayoonyeshwa usiipigie kabisa: Microsoft, ambayo jina lake hutumiwa mno na matapeli wanaotengeneza maonyo haya, haiweki namba za simu katika maonyo yake.