Farasi hafi kwa upanga, anafia motoni

Kila kundi jipya linapokaa mezani kwangu hapa Goma kwa mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika, mimi nikiuendesha, hakosi mmoja anayetaka farasi kwa ajili ya mhusika wake. Namuuzia bila ubishi. Kisha nangoja lile swali: "Yaya, sasa farasi wangu amekufa kabisa?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na mara nyingi hakuna adui aliyemlenga. Farasi alisimama mahali pasipofaa, na mwenyewe alikuwa amekaa juu yake akipiga upanga.

Ninaongelea Dungeons & Dragons kwa sheria za 2014. Ndizo tunazochezea, kwa sababu sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023: unaipakua bure, kihalali, na unaisoma kwenye simu hata umeme ukikatika. Vipimo naviweka kwa mita kama meza nyingi za Kifaransa. Kiraba kimoja cha ramani ni mita 1.5.

Kwanza hesabu. Farasi wa kawaida wa kupanda anauzwa vipande 75 vya dhahabu, ana pointi 13 za uhai na kinga 10, yaani namba ambayo dadu ya adui lazima ifikie ili ampate. Farasi wa vita ni vipande 400, uhai 19, kinga 11. Katika kiwango cha 1 hizo namba si mbaya hata kidogo. Kuna wahusika wanaoanza mchezo na uhai mdogo kuliko wa farasi wao. Shida ni kwamba mhusika anapanda viwango na farasi anabaki vilevile alivyonunuliwa. Ukifika kiwango cha 5 wewe askari una uhai arobaini na kitu, na maadui unaokutana nao wamepimwa kwa kimo chako. Hakuna aliyempima farasi.

Kiwango hicho cha 5 ndicho wachawi wanapoanza kurusha mpira wa moto. Huo uchawi unatoa dadu 8 za pande sita, wastani 28, na unaunguza kila kitu ndani ya mita 6 kutoka katikati yake. Anayefaulu kujiokoa kwa dadu anaumia nusu. Sasa mchukue yule farasi wa dhahabu 75. Akishindwa, amekufa. Akifaulu, anapata 14 kwa wastani, naye ana 13: amekufa pia, ila kwa heshima. Farasi wa vita akifaulu anabaki na 5. Lakini kufaulu kwenyewe si rahisi. Mchawi wa kiwango hicho mara nyingi anadai 15, farasi huyo wa vita anaongeza 1 tu kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo anahitaji 14 au zaidi. Ni nafasi 35 kwa 100.

Hapo ndipo wachezaji wanapokimbilia deraya. Deraya ya mnyama inagharimu mara nne ya ile ya mtu na ina uzito mara mbili. Ya pete za chuma, ambayo mtu anainunua kwa vipande 75, kwa farasi ni 300, na inampandisha kinga hadi 16. Hiyo naikubali, maana mishale na mikuki ya kila siku itaanza kumkosa. Lakini deraya ya bamba zima ni vipande 6,000 kwa kinga 18, na hapo mimi hucheka waziwazi. Moto hauulizi kinga. Pumzi ya joka haiulizi kinga. Umetumia mali ya kununulia farasi wa vita kumi na watano kumvalisha mmoja atakayeungua akiwa amependeza.

Kinachomsaidia kweli hakiuzwi dukani, nacho wachezaji wengi wanakiruka wanaposoma. Mnyama aliyefunzwa, ukimwongoza mwenyewe, anacheza katika zamu yako na ana matendo matatu tu: kukimbia, kujitoa au kukwepa. Wengi wanadhani maana yake ni kwamba farasi hana kazi vitani, basi wanasahau kumpa tendo lolote. Mpe la kukwepa kila zamu! Bado anatembea mita zake 18, bado wewe unapiga, na hadi zamu yako inayofuata kila adui akimshambulia anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo, mradi farasi anamwona huyo adui. Farasi mwenyewe akirushiwa moto anarusha mbili na kuchukua kubwa. Ile nafasi ya 35 kwa 100 inapanda hadi karibu 58. Bure kabisa.

Tendo la kujitoa linafaa mchezo mwingine: unaingia, unapiga, unatoka, na hakuna anayepata pigo la bure juu yenu mnapoondoka. Bila hilo, kumbuka kwamba farasi akitoka pale adui anapomfikia, adui huyo anachagua ampige nani kati yenu wawili. Mwendesha mchezo mwenye huruma anachagua mpandaji. Mimi nachagua kadiri adui huyo anavyofikiri, na gobilini, lile zimwi dogo, akiwa na njaa anaona nyama.

Kama unakusudia mhusika wako aishi juu ya tandiko, chukua kipaji cha mpiganaji wa farasi. Hakimo kwenye ile hati ya bure, itabidi mtu mezani awe na kitabu. Kinafanya mambo mawili yanayotuhusu. Shambulio lolote lililomlenga mnyama unaweza kulielekeza kwako. Na kwa mambo kama mpira wa moto, mnyama akifaulu haumii kabisa, akishindwa anaumia nusu. Rudi kwenye hesabu yetu: farasi wa vita aliyeshindwa sasa anapata 14 kwa wastani, amebaki na 5, yuko hai. Sijaona deraya inayofanya hivyo.

Kundi lenye kasisi lina njia nyingine. Kuna uchawi wa daraja la 2 unaomfunga kasisi na anayelindwa: anayelindwa anaumia nusu ya kila pigo, na kasisi anaumia kiasi kilekile. Unadai pete mbili za platini za vipande 50 kila moja, na wote wawili wazivae. Pete ya farasi unaivalisha wapi? Kwangu inafungwa kwenye singa za shingo na tunaendelea. Tahadhari moja: kasisi akisimama ndani ya moto uleule, anaungua mara mbili, mara yake na mara ya farasi. Nimeshasikia makasisi wakiongea maneno yasiyo ya kanisani kwa sababu hiyo.

Jambo kubwa kuliko yote ulimalize kabla dadu ya kwanza haijarushwa. Sheria zinasema waendesha mchezo wengi huliacha zimwi au mnyama afe papo hapo uhai ukifika sifuri, lakini zinamruhusu mwendesha mchezo kumpa kiumbe muhimu dadu za kifo, zinazoamua kama atakufa au atapona, kama wahusika. Ni uamuzi wake, si amri. Mwulize siku ya kutengeneza wahusika, farasi akiwa bado mzima, maana ukiuliza baada ya kifo inaonekana unaomba upendeleo. Kwangu kanuni ni fupi: mnyama mwenye jina anarusha dadu za kifo, asiye na jina anakufa. Basi wote wanawapa majina, hata punda wa vipande 8. Sawa tu. Baada ya makubaliano hayo mfuko wa mganga wa vipande 5 unakuwa na maana kubwa: una matumizi 10, na kila moja linamtuliza anayekufa bila kurusha dadu yoyote.

Paladini, askari mtakatifu mwenye uchawi, hana shida hizi. Akifika kiwango cha 5 anapata uchawi wa kumwita mnyama wake: dakika 10 za maombi, na anatokea roho mwenye umbo la farasi wa vita, poni, ngamia, kulungu mkubwa au mbwa. Uhai ukiisha anatoweka, na ukirudia uchawi anarudi yuleyule, mzima. Tena uchawi unaojifanyia wewe peke yako ukiwa juu yake unaweza kumfikia na yeye, kwa hiyo kujitibu mara moja kunawatibu wawili. Katika toleo la 2024 mnyama huyu amepewa namba zake mwenyewe zinazokua kadiri unavyotumia daraja kubwa la uchawi, na hilo wamelifanya vizuri. Paladini wangu wa sasa alikataa kulungu. Tuliacha namba zilezile za kulungu, kinga 10 na uhai 13, tukampa okapi. Mnyama huyu haishi porini popote duniani nje ya nchi yetu. Mtoto wa Kongo apande kulungu wa Ulaya kwa nini?

Kisha kuna kushuka. Kupanda au kushuka kunakula nusu ya mwendo wako, basi, na bado watu wanaingia na farasi kwenye ngazi za pango. Mwache nje. Mwajiri mtu asiye na ufundi kwa vipande 2 vya fedha kwa siku amshike hatamu. Mmotari wa mtaa wa Birere haachi pikipiki yake barabarani bila jicho la mtu, kwa nini uache farasi wa dhahabu 400? Chakula chake ni senti 5 za shaba kwa siku. Hapa sikawii, maana wachezaji wa Goma wanajua kujadili bei kuliko mimi.

Ardhi nayo inaua. Ramani yangu ninayoipenda ni uwanda wa mawe ya volkano, na wachezaji wangu sihitaji kuwaeleza kitu. Walioona moto wa Nyiragongo ukipita katikati ya mji Januari 2002, na waliokimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wanajua jiwe jeusi linavyokula kiatu. Kwa sheria ni ardhi ngumu: mita 18 za farasi zinakuwa 9. Mtu aliyezoea kutoroka kwa mwendo wa farasi anajikuta ndani ya mita 6 za moto.

Wanaoota kuruka na grifoni, mnyama mwenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba, wasidhani wamepona. Ana uhai 59, hilo zuri, lakini akiangushwa hewani mnaanguka wote, dadu moja ya pande sita kwa kila mita 3, hadi dadu 20. Mchawi mwenye uchawi wa kuanguka kama unyoya, daraja la 1 tu, anawashusha polepole hadi viumbe watano. Asiwepo, ruka chini chini.

Na tembo? Swali hili huja kila mara mtu anaposoma orodha ya bei kwa makini. Vipande 200, nusu ya bei ya farasi wa vita, na uhai 76. Ni kweli, hakuna mnyama mwenye uhai mwingi zaidi katika orodha hiyo. Anachukua mita 4.5 kwa 4.5 za ramani, hapiti mlangoni, na kuukwepa moto ni kazi ngumu kwake, lakini mpira mmoja wa moto wa wastani haumwangushi. Kwenye meza yangu hauzwi mjini. Ukimtaka, mfuate anakoishi, na mama yake atakuwepo.