Je, wajua kwa nini mstari wa kipimo cha malaria huwa mwekundu? Si damu

Kwa miaka mingi jibu la swali hili nilikuwa nalo, na nililitoa bila kusita. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kile ambacho wahudumu wa zahanati hukiita mRDT, nilisema ni damu yako mwenyewe. Damu yenye malaria inanaswa njiani, isiyo na malaria inapita. Damu imeingia upande huu, wekundu umetokea upande ule. Kuna haja gani ya kutafuta maelezo mengine?

Kilichonitoa tongotongo ni kipimo cha Uviko cha kujipima nyumbani. Nilizungusha kijiti puani, nikakikorogea kwenye dawa yake, nikadondosha matone na kusubiri robo saa. Ukatokea mstari mmoja pembeni mwa herufi C. Nikainama kuutazama vizuri: ulikuwa na wekundu uleule wa kipimo cha malaria, ule unaokaribia zambarau kama juisi ya rozela iliyochujwa vizuri. Lakini mle ndani hapakuwa na tone la damu. Yalikuwa makamasi tu. Ndipo nikakumbuka kwamba vipo vipimo vya mimba vinavyotoa mstari wa rangi hiyohiyo, navyo hutumia mkojo.

Ningeweza kugundua mapema kama ningekuwa mtazamaji mzuri, maana kipimo cha malaria chenyewe kinajieleza. Mara nyingine ukipimwa, usiangalie simu. Mhudumu atakutoboa kidole na kuchukua damu kidogo sana, mara nyingi mikrolita 5, tone lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Ataiweka kwenye tundu dogo, kisha atadondosha bafa, yaani kimiminika kinachokuja na kipimo, kwenye tundu la pili. Dakika ya kwanza na ya pili utaiona damu yenyewe: wingu la waridi linapanda kwenye dirisha la kipimo na kuichafua karatasi yote. Halafu wingu linasukumwa mbele, karatasi inarudi nyeupe, na mistari inabaki. Damu imeondoka. Kwa kweli wekundu wa damu ni kero kwenye kazi hii, na bafa ina majukumu mawili: kuzipasua chembe za damu ili kilichomo kitoke, na kuuosha wekundu wake usiufunike mstari.

Ushahidi wa mwisho ndio unaonifurahisha zaidi. Katika vipimo vingi vya aina hii, ukisahau kabisa kuweka damu na kudondosha bafa peke yake, mstari wa C utatokea vilevile, mwekundu na wa kujiamini. Mstari huo unakuambia kwamba maji yametembea na rangi imefika. Haukuambii kwamba damu iliwekwa. Wengi wetu tumekuwa tukiusoma kama muhuri wa “kila kitu kiko sawa”, na sivyo.

Basi wekundu unatoka wapi? Unatoka kwenye dhahabu. Dhahabu halisi, ileile ya Geita, isipokuwa imegawanywa kuwa chembe zenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 40 hivi. Milimita moja ni nanomita milioni moja, kwa hiyo chembe za nanomita 40 unaweza kuzipanga 25,000 kwenye urefu wa milimita moja. Chembe nyekundu moja ya damu, ambayo yenyewe huioni bila hadubini, ina upana wa chembe za dhahabu karibu 200.

Ndani ya kasha la plastiki mna ukanda mwembamba wa karatasi maalumu. Mwanzoni mwa ukanda huo chembe za dhahabu zimekaushwa, kila moja imevishwa kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoitambua protini ya kimelea cha malaria. Kwa vipimo vingi vya Afrika protini hiyo ni HRP2, inayotolewa na Plasmodium falciparum. Bafa ikipita, dhahabu inaamka na kuanza safari. Ikikutana na HRP2 njiani, inaikamata mkono mmoja. Kwenye mstari wa T, ule wa majibu, zimegandishwa kingamwili nyingine zinazoikamata protini hiyohiyo mkono wa pili, na dhahabu iliyoining’inia inakwama nayo. Chembe moja ikikwama huoni kitu. Zikikwama kwa mamilioni, unaona mstari. Dhahabu isiyokamata chochote inapita T na kufika C, ambako inadakwa hata ikiwa mikono mitupu.

Sasa utauliza, kama mimi nilivyouliza: pete ya sonara ni ya njano. Huu wekundu umetoka wapi?

Beba ndoo ya maji kichwani, na usiweke majani juu. Ukitembea polepole, maji yanatulia. Ukikimbia kwa hatua fupifupi, yanatetemeka tu juujuu. Ila upo mwendo mmoja wa katikati ambao kila hatua yako inaangukia wakati uleule maji yanaporudi, na hapo ndipo unapolowa hadi mgongoni. Ndoo ina mdundo wake, na ukiupatia mdundo huo, nguvu yote ya miguu yako inaingia kwenye maji.

Chembe ya dhahabu ni ndoo ya elektroni. Ndani ya metali elektroni nyingi hazijafungwa kwenye atomu moja. Zinahamahama kama maji. Mwanga ni mawimbi, na kila wimbi linalopita linazisukuma upande huu kisha upande ule. Rangi za mwanga zinatofautiana kwa kasi ya misukumo hiyo: nyekundu polepole, bluu haraka, kijani katikati. Kwa chembe ya dhahabu ya ukubwa huu, mdundo unaoipatia ni ule wa kijani, urefu wa wimbi nanomita 520 na kitu, misukumo zaidi ya trilioni 500 kwa sekunde. Kijani kinamezwa. Bluu nayo inapungua, kwa sababu nyingine ambayo dhahabu inayo hata ikiwa pete. Ukiupokonya mwanga mweupe rangi hizo, kinachobaki jicho linakisoma kama wekundu.

Na pete je? Pete ina elektroni hizohizo, lakini kingo zake ziko mbali mno kwa kipimo cha wimbi la mwanga. Ukipigapiga miguu ufukweni Mwanza, Ziwa Victoria halimwagiki. Ili mdundo huu upatikane unahitaji chombo kidogo kuliko wimbi lenyewe.

Mfano wangu wa ndoo una kasoro moja. Unakufanya udhani kwamba kila ukibadilisha ukubwa kidogo rangi inaruka. Kwa chembe za duara haiendi hivyo. Kati ya nanomita 20 na 60 wekundu unasogea kidogo tu. Kinachobadilisha rangi kwa kishindo ni chembe kukaribiana. Tia chumvi kwenye chupa ya maji yenye chembe tupu za dhahabu, nazo zitashikamana, na maji mekundu yatageuka zambarau kisha bluu mbele ya macho yako. Ni kama ndoo mbili zimeunganishwa kuwa hori moja refu: maji yanapata safari ndefu zaidi, mdundo unapungua, na rangi inayomezwa inahama kuelekea upande wa nyekundu.

Warumi walitumia hali hii bila kuijua. Kikombe cha Lycurgus cha karne ya 4, kilichopo British Museum, huonekana kijani ukikimulika kwa mbele na chekundu ukiweka taa nyuma, kwa sababu kioo chake kina chembe ndogo mno za dhahabu na fedha. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza mbele ya wanasayansi wa London kwamba maji yake mekundu yalikuwa dhahabu iliyogawanyika kupita kiasi. Mwanafizikia Gustav Mie akaleta hesabu kamili ya wekundu huo mwaka 1908. Kuzifunga kingamwili kwenye dhahabu kulikuja baadaye sana: watafiti Faulk na Taylor walifanya hivyo mwaka 1971 ili kitu walichokitafuta kionekane kwenye hadubini ya elektroni. Dhahabu ni nzito, inazizuia elektroni na kuacha kidoa cheusi. Uzito huohuo huzuia eksirei, na mwaka 2006 kuna watafiti waliodunga chembe za nanomita 1.9 kwenye panya na kuiona mishipa yao kwenye picha. Panya, nasisitiza.

Kwenye karatasi dhahabu inashinda rangi ya kawaida kwa sababu chembe moja humeza mwanga kama molekuli za rangi maelfu kwa maelfu, tena haipauki. Joto la stoo ya bati haliisumbui. Kinachoharibiwa na joto ni kingamwili ilizovishwa, kwa hiyo kipimo kilichopikwa na jua kinaweza kuwa na dhahabu nzuri kabisa isiyokamata chochote.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipozaa la pili. Kama mstari ni damu yenye malaria, basi mstari uliokolea ni malaria nyingi, na hafifu ni “kamalaria kadogo”. Mstari hafifu wa T, ukionekana ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo, unasomwa kuwa una malaria, basi. Kipimo hiki hakihesabu wadudu; anayetaka idadi aende kwenye hadubini. Ukikisoma baada ya muda huo kupita, usikiamini, maana karatasi ikikauka inaweza kuchora mstari usiokuwapo.

Tena kinachokamatwa ni protini, siyo kimelea. Ni sawa na kusoma nyayo za fisi: zinakuambia alipita, hazikuambii kama bado yupo. HRP2 inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya dawa kumaliza kazi, na mtu aliyepona akapimwa tena kwa homa nyingine akaonekana bado anayo. Upande wa pili wapo vimelea visivyoacha nyayo hizo kabisa, kwa kuwa vimepoteza jeni ya HRP2. Vilitangazwa kwanza huko Peru mwaka 2010, na baadaye Eritrea wakavikuta kwa wingi kiasi cha kulazimika kubadili aina ya kipimo. Hapo dhahabu inapita T bila kusimama, C inawaka, na mgonjwa anaambiwa hana kitu.

Si kila mstari ni dhahabu, lakini. Vile vya bluu kwenye baadhi ya vipimo vya mimba ni shanga ndogo mno za plastiki zilizotiwa rangi. Na kwa kuwa kila niliyemsimulia haya ameuliza swali lilelile: hapana, hakuna biashara. Dhahabu ya kipimo kimoja huhesabiwa kwa mikrogramu. Hata tukikipa kila kimoja mikrogramu 10, gramu moja ya kumpelekea sonara itadai vipimo 100,000 vilivyotumika, kila kimoja na damu ya mtu wake.