Mmeshika nafasi ya ngapi?

Juzi msibani, tukiwa tunasubiri maji ya kunawa, mzee mmoja kanigeukia: "Mwalimu, moko, ule mtihani wa majaribio, mwaka huu mmeshika nafasi ya ngapi?" Nikamjibu ya 38 kiwilaya. Akaguna. "Mnalala sana nyie. Wangewalipa kwa ufaulu mngeamka." Wali wenyewe ulikuwa wa nazi, lakini nilishindwa hata kuufaidi.

Miaka 26 ya chaki, na maneno ni yaleyale. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza kumi bora Januari 2023. Orodha haikufa, ilihamia tu kwenye kata, wilaya na makundi ya WhatsApp. Tuliokuwa kazini 2013, enzi za mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikigawiwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, tunaijua vizuri hadithi hii. Wilaya moja niliyopitia, shule iliyoshika mkia ilikabidhiwa kinyago mbele ya wenzake. Siku ilipotuangukia sisi, mwalimu mkuu alikivisha gunia, akarudi nacho kwenye bodaboda na kukitupa stoo nyuma ya majembe.

Sasa sikia. Mwaka mmoja nilipewa hisabati darasa la saba, mikondo yote miwili. Watoto walikuwa wameshachambuliwa: A wale wazuri, B "hao wengine". Andalio la somo moja, chaki moja, Juma yuleyule na maembe yake. Moko ikatoka: wastani wa A ni 34 kati ya 50, wa B ni 13. Asubuhi moja, kwenye kiti kilekile, nikapongezwa halafu nikakaripiwa. Nauliza hadi leo: mvivu ni yupi, mimi wa A au mimi wa B?

Na hapo ndipo damu inaponichemka. Kwenye B alikuwapo binti ambaye Januari hakuweza kugawanya 12 kwa 3. Alikuwa anachora vijiti, anavipoteza, anaanza upya. Kufikia Agosti anagawanya kwa njia ndefu, baki anaiandika pembeni. Akapata 17, yaani amefeli. Kwenye A alikuwapo kijana aliyenijia na 40, akaondoka na 41. Huyo ndiye aliyepandisha bendera ya shule, na kusema kweli sikumfundisha kitu. Nafasi inakuonyesha mtoto yuko wapi. Alikotoka haikuonyeshi, na kazi ya mwalimu iko hapo katikati.

Halafu wastani una njia nyingi za kupanda bila mtu kufundisha. Dhaifu anakaririshwa darasa la nne. Mzazi anashauriwa kwa upole amhamishe mtoto kabla ya usajili wa watahiniwa. Wanaokaribia daraja C, la kufaulu, wanapewa masomo ya jioni. Nami nimo: mwaka 2014 nilipanga madawati, mbele wale wa kugusa C, nyuma waliobaki. Wa nyuma walichora magari muhula mzima. Tulipanda nafasi kumi na moja, nikapewa cheti.

Kulipa kwa ufaulu, basi. Uingereza walianza 1862: mkaguzi anapima kusoma, kuandika na kuhesabu, ruzuku ya shule inafuata matokeo. Watoto wakakaririshwa vitabu vya kusomea, na kabla karne haijaisha mpango ukaachwa. Hapa kwetu utafiti wa majaribio ulioitwa KiuFunza ulijaribu 2013 na 2014 kwenye shule 350, darasa la kwanza hadi la tatu. Ruzuku peke yake haikusogeza alama. Motisha ya walimu peke yake, kidogo na kwa mashaka. Vyote viwili pamoja, zikapanda waziwazi. Kwa hiyo mzee wa msibani ana nusu ya haki, na inaniuma kuandika hivyo.

Wavivu wapo, tusidanganyane. Mwenzangu mmoja alijaza shajara la somo la muhula mzima kwa usiku mmoja, akibadilisha kalamu ili wino usifanane. Likapita, likagongwa muhuri. Kalamu ya pili nilimwazima mimi.

Huyo utamnasaje bila kumponda mwalimu wa B? Sijui. Naamini katika kupima hatua ya kila mtoto, Januari na Novemba, lakini niliwahi kujaribu. Tangu michango ya wazazi ilipofutwa 2016 darasa langu halijashuka chini ya watoto 90. Ukimpima mtoto Januari, Mei amehamia kwa bibi yake, Julai karudi na mdogo wake. Mwingine siku ya kipimo hajala tangu jana. Mwisho wa mwaka nilikuwa na namba zilizokamilika za watoto 41, na sikuweza kuapa kwamba tofauti zao zilitokana na mimi, na dada zao waliowasaidia nyumbani, au na bahati tu. Nilivumilia miaka miwili. Wa tatu nikaiacha kauntabuku, na kurasa zilizobaki mke wangu anaandikia madeni ya genge.